Liwa Kwenye Kitufe

Kitufe kiliingia ndani na hakikurudi.

Poongothai alikibonyeza kwa kidole cha shahada kama kawaida yake. Akajaribu kwa gumba. Akajaribu kwa hasira, na hasira nayo haikusaidia. Kile kitaa cha kijani ambacho huwaka pembeni kiyoyozi kikikubali kufanya kazi kilikuwa kimefumba jicho kabisa. Feni ya gari ilivuma vizuri tu, lakini ilichovumisha ni hewa ya kuokea mikate. Shada la asumini lililotundikwa kwenye kioo cha mbele likaanza kunyauka huku watu wanaliangalia.

Mkwe mwenzake, Alamelu, alikuwa ameingiza mkono dirishani. Aliuweka mbele ya tundu la hewa, akauacha hapo kidogo kama daktari anayepima homa, halafu akautoa na kuupangusa kwenye sari yake.

"Basi," alisema. "Mtoto haendi."

Alisema kwa upole. Alamelu alikuwa na upole wa mtu anayekuwekea jiwe mapajani, kisha akakuuliza kama umekaa vizuri.

Mtoto mwenyewe alikuwa Yazhini, binti wa Poongothai na mke wa Ilango, mwana wa pekee wa Alamelu. Alisimama barazani na mimba yake ya miezi saba, mikono imejaa bangili za kioo, nyekundu na kijani, toka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Asubuhi hiyo wanawake wa mtaa walimvisha moja moja, wakampaka liwa ya sandali mashavuni, wakamwimbia, wakamlisha wali wa aina tano mpaka akaomba msamaha. Na mwenye mimba ya kwanza akishavishwa bangili huondoka na mama yake, akajifungulie kwao. Poongothai aliondoka hivyo. Alamelu mwenyewe aliondoka hivyo, tena kwa gari la ng'ombe. Mji mzima wa Aruppukottai haukujua namna nyingine.

Ila ilikuwa mwezi wa tano, zile wiki ambazo jua halina huruma hata kwa mbuzi, na kutoka pale hadi Bodi, kwa Poongothai, ni mwendo wa saa tatu. Wiki nzima Alamelu alikuwa anasema kwenye simu kwamba binti ataondoka kwa gari lenye ubaridi, au hataondoka. Poongothai alicheka akakubali, maana kiyoyozi cha gari lake kilijulikana; abiria wake wa Jumatatu, mzee mmoja wa mnada wa iliki, hupanda na shali. Jambo la pili, siku ile ilikuwa Jumapili, na Jumapili saa ya Rahu, saa ya mkosi, huingia saa kumi na nusu jioni. Ikishaingia hakuna anayeanza safari, na ikitoka ni usiku, na mjamzito hasafirishwi usiku. Jambo la tatu, kesho yake mimba ilikuwa inaingia mwezi wa nane, na kwa hesabu za ukoo wa Alamelu, mwenye mimba ya miezi minane havuki geti.

Kwa kifupi, asipoondoka leo atazalia hapa.

Hapo Poongothai alimwangalia bintiye kule barazani, na binti akamwangalia yeye. Mchana, walipokuwa wawili jikoni, Yazhini alimnong'oneza kwamba anakufa kwa hamu ya samaki mkavu. Nyumba ya mumewe haikuwahi kuingiza samaki tangu ijengwe, na usiku alikuwa anaota ngonda la kukaangwa kwa pilipili, anaamka mto umelowa mate. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha Yazhini akaacha kucheka.

"Mama, hapa wananipenda," alisema. "Lakini sitaweza kupiga kelele mbele yao. Nataka kuzalia mahali ambapo naweza kupiga kelele."

Kauli hiyo ndiyo iliyokuwa imekaa kifuani mwa Poongothai sasa, nzito kuliko wali wote wa aina tano.

Ilango alipiga simu kwa fundi. Fundi alikuwa harusini Madurai, nyuma yake tarumbeta zinalia, na alipiga kelele kwamba huenda gesi imekwisha, wampelekee gari kesho. Alamelu alilisikia neno kesho kutoka kwenye simu ambayo haikuwa sikioni mwake, na uso wake ukapoa kama mtu aliyepata kiyoyozi chake mwenyewe. Akawaambia wanawake walioketi barazani kwamba Mungu ana mipango yake, na kwamba chumba cha nyuma kimeshapakwa chokaa.

 Poongothai alikuwa mjane, dereva wa gari aliloachiwa na marehemu mumewe, na kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa mchaguzi wa iliki ghalani, kazi ya kukaa chini na kutenganisha punje nzuri na mbovu kwa kugusa tu. Alirudi kukaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akakigusa kile kitufe taratibu.

Asubuhi kilikuwa kinasema tik. Ukibonyeza, tik, kinashika. Ukibonyeza tena, tik, kinaachia. Sasa kilizama kimya kama kidole kwenye sukari guru. Na gesi ikiisha, alifikiri, kitaa si bado kingewaka? Gesi inahusu ubaridi, haihusu tik.

Akanusa kidole chake.

Kilinukia sandali.

Basi asubuhi yote ikamrudia. Alipofika na kuegesha uani, Alamelu alitoka kumpokea na sinia la shaba. Gari lile lilikuwa halijawahi kuingia uani mwake, na chombo kipya hakiingii kwa Alamelu bila kubarikiwa. Alipaka liwa kwenye boneti na unga mwekundu juu yake. Akapaka usukani. Halafu akaegemea ndani na kuanza vitufe, kimoja baada ya kingine, taa, redio, feni, kiyoyozi, na liwa yenyewe ilikuwa laini kama uji kwa sababu aliizidisha maji ya waridi, ikawa inateremka kwenye mianya. Poongothai alifurahi. Alisema mkwe anaheshimu gari kama anavyoheshimu watu. Kisha akafunga vioo, akaliacha gari juani toka asubuhi hadi baada ya ngoma na wali na aiskrimu, na jua la Mei likaioka ile liwa humo ndani kama udongo wa chungu.

Sasa, mtu angeweza kushuka garini na kusema: wewe mwanamke ndiye uliyeharibu. Na ingekuwa kweli, na ingechukua muda wote mpaka Rahu aingie, kwa sababu Alamelu angelia, wanawake wa barazani wangesimama upande wake, na mjadala wa nani alimheshimu nani harusini ungefufuliwa. Poongothai alimeza. Akashuka, akapandisha pindo la sari na kulichomeka kiunoni, akasema tu kwamba anataka kukifungua kile kitufe akione.

"Ukifungue?" Alamelu aliuliza. "Mkwe wangu, hiyo ni gari, si ganda la njugu."

Barazani wakacheka. Poongothai naye akacheka, maana si vizuri kuwaachia watu kicheko peke yao.

Ilango ndiye aliyesogea. Tangu fundi akate simu alikuwa anajificha nyuma ya nguzo, kama anavyojificha mwanamume yeyote mwenye mama mmoja na mke mmoja walio uani kwa wakati mmoja. Alimwambia mama mkwe wake kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kuwekewa redio kwenye gari la namna ile, akaona lile bamba linalozunguka vitufe halina skrubu. Limeshikwa na vishikizo tu, uanzie kona ya chini. Kisha akaenda kutoa waya wa betri, na alipoinama chini ya boneti alibaki huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa bisibisi ya chuma bamba lingechubuka. Poongothai alitazama huku na huku, akaona kile alichohitaji kimezagaa uani kote: vile vijiko bapa vya mbao vya kulia aiskrimu ya vikombe. Alikusanya konzi nzima. Akachomeka kimoja kwenye kona ya chini, kikavunjika. Akachomeka viwili kwa pamoja, vikashika. Cha tatu, cha nne, akitembeza pembeni polepole, na shangazi mmoja barazani akatangaza kwamba ameona magari mengi yakitengenezwa lakini hili ndilo la kwanza kulishwa. Halafu kukatoka mlio wa kishikizo kuachia, na mwingine, na bamba zima likamjia mikononi na vitufe vyake kama meno ya bandia yaliyotoka kinywani.

Aligeuza. Akatoa kile kitufe cha kiyoyozi kwa ukucha. Nyuma yake palikuwa pamejaa kitu cha manjano, kigumu, kilichopasuka pasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Alamelu alikuwa amesogea ili aone vizuri. Aliona. Wakatazamana. Wanawake wa barazani, ambao kwa umbali ule hawakuona chochote, waliinua shingo bure.

Poongothai aliomba kitu chembamba cha kukwangulia. Yazhini akasema kuna ufagio wa chelewa mlangoni. Alamelu akainua mkono: ufagio haushikwi siku ya bangili, unafagia bahati ya mtoto. Poongothai akamwambia mkwe ana haki kabisa. Akaenda getini, ambako makuti mabichi yalikuwa yamesukwa na kutundikwa kwa ajili ya sherehe, akachomoa kuti moja kutoka kwenye pambo na kulichana kwa meno mpaka ukabaki uti wake mtupu. Hiyo nayo ni chelewa, sema haijawahi kufagia mtu.

Akaomba pamba. Alamelu akasema pamba hakuna. Yazhini, kwa sauti ya mkwe mwema kabisa, akamkumbusha mama mkwe wake kwamba rafu ya sala imejaa tambi za taa. Zikaletwa.

Akaomba kitu chenye spiriti, maana maji yangelowesha na yasingeyeyusha.  Kila mtu mtaani alijua kwamba Alamelu ana chupa ya marashi aliyoletewa kutoka Singapuri, kwamba chupa hiyo hukaa kabatini chini ya sari ya hariri, na kwamba hutolewa kwa harusi na vifo, matone mawili kwenye leso, basi. Alamelu akatazama angani. Akasema ameisahau mahali ilipo.

"Ninajua mimi, Mama," akasema Ilango, kutoka chini ya boneti.

Lilikuwa jambo la kishujaa kuliko yote aliyowahi kufanya, na alilifanya bila kuonyesha uso.

Basi Poongothai alifanya kazi. Alikwangua kwa chelewa, akapuliza, akafuta kwa utambi uliochovywa Singapuri, akakwangua tena. Jasho lilimtoka mgongoni na majivu ya sala kwenye paji lake yakateremka hadi kwenye nyusi. Vipande vya liwa alivikusanya kwenye kifuniko cha aiskrimu, hakutupa hata kimoja. Chini kabisa, chini ya mahali pa kitufe, palikuwa na springi ndogo, ndogo kama punje ya iliki, ile inayosukuma kitufe kirudi. Iligandiana na liwa. Aliigusa kwa ncha ya chelewa, taratibu, taratibu, na springi, iliyokuwa imeshikiliwa tangu asubuhi, ikapata uhuru wake. Iliruka juu, ikang'aa mara moja juani, ikatoweka.

Hakuna kitu kinachoweza kunyamazisha baraza ya wanawake walioshiba wali wa aina tano, ila hicho kiliinyamazisha.

Wakatafuta. Ilango alipiga magoti. Shangazi yule mwenye mdomo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatafuta ndani ya kikapu cha maua. Poongothai alipapasa zulia la gari, chini ya viti, kwenye mikunjo ya sari yake, kwa vile vidole vilivyolisha nyumba miaka yote ile, na vidole havikukuta kitu. Saa ya ukutani sebuleni ikagonga saa kumi.

Alamelu alisimama pale pale alipokuwa amesimama, hatua moja kutoka mlango wa gari, mikono nyuma. Alisikitika sana. Alisema vitu vidogo namna hiyo vikishapotea havionekani, na kwamba mtu asijilaumu. Alisema chai iko jikoni. Alisema mambo mengi mazuri.

Yazhini alikuwa anamtazama kutoka barazani. Alikuwa ameishi na mama mkwe huyo miaka miwili, na anajua kwamba Alamelu havuki ua mchana wa Mei bila ndara, hata kwenda kuchuma pilipili. Uani palikuwa na saruji. Jua lilikuwa limeipika saruji hiyo toka asubuhi kiasi kwamba mbwa wa jirani aliipita kwa kuruka. Na Alamelu alisimama juu yake peku, mguu wa kushoto haujanyanyuka hata kidogo, kijasho chembamba kinamtoka juu ya mdomo, anasifu chai.

Yazhini akashuka barazani polepole, bangili zake zote zikilia. Akaja mpaka mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "niende au nisiende, siku ya leo siwezi kuimaliza bila kugusa miguu yako. Unibariki."

Akashika kiuno, akaanza kuinama.

Sasa tazama. Mjamzito wa miezi saba, mwenye bangili mikononi, anainama hadi chini juani mbele ya mtaa mzima. Hakuna mama mkwe Tamil Nadu nzima anayeweza kuliacha jambo hilo lifike mwisho. Angesemwa mpaka kwenye mazishi yake. Alamelu alishtuka, akasema usiiname mwanangu, tumbo, tumbo, akapiga hatua mbele kumdaka mabegani.

Mguu wa kushoto ukanyanyuka.

Springi ilikuwa pale, imeng'ang'ania unyayo, inang'aa.  Ilikuwa imechora alama yake kwenye ngozi ya Alamelu, ikaning'inia kidogo kisha ikadondoka kwenye saruji kwa mlio mdogo ambao kila mtu aliusikia.

"Kumbe," Alamelu alisema, akiitazama. "Nyayo zangu ngumu, sihisi kitu siku hizi. Uzee huu."

"Uzee mbaya, mkwe wangu," Poongothai alisema, akiokota.

Na kwa kuwa alikuwa anacheka ndani ya tumbo, mikono yake ilitulia. Springi ikaingia mahali pake. Kitufe kikaingia juu yake. Akakibonyeza hewani, akiwa bado amekishika na bamba lake mkononi.

Tik.

Hakukuwa na mwimbaji asubuhi ile aliyetoa sauti tamu kuliko hiyo. Akakibonyeza tena. Tik. Akakibonyeza kumwelekea Alamelu, tik tik, kama mtu anayemsalimu. Bamba likarudi mahali pake kwa kofi la kiganja, vishikizo vikashika kimoja kimoja, Ilango akarudisha waya wa betri na kufunga boneti, na Poongothai akawasha gari. Feni ikavuma. Akaweka kidole. Alikiacha hapo kidogo, maana jambo zuri lina haki ya kusubiriwa.

Kitaa cha kijani kikawaka.

Mwanzo hewa ilikuja moto, kisha vuguvugu, kisha ikaja yenyewe, ile ya kumvalisha shali mzee wa mnada, ikatoka kwenye matundu yote kwa pamoja na harufu yake: sandali, waridi, marashi ya Singapuri, na chini kabisa iliki, miaka na miaka ya magunia ya iliki yaliyopanda gari lile. Ikatoka kwenye milango iliyo wazi mpaka uani. Wanawake wa barazani wakaacha heshima zao na kuja kukinga nyuso. Shangazi mwenye mdomo aliingiza kichwa kizima, akasema hata gari la waziri halinukii hivi, waziri mwenyewe ndiyo usiseme.

Poongothai akakichukua kile kifuniko cha aiskrimu chenye vipande vya manjano. Mtaa ulikuwa umekusanyika, na kila mmoja alikuwa anangoja kuambiwa ni kitu gani. Alamelu alikuwa anangoja zaidi ya wote.

"Mnaona hii?" Poongothai alisema, akizungusha kifuniko wakione. "Ni baraka za mkwe wangu. Wengine huwekewa kidogo juu juu. Mimi nimewekewa nyingi mpaka gari likashindwa kupumua."

Kicheko kilichopigwa pale kiliamsha kunguru kwenye mwarobaini. Alamelu hakuwa na pa kukikwepa, kwa hiyo akaingia ndani yake na kucheka pia, na baada ya kidogo akawa anacheka kweli. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Akajifuta macho, akasema sawa, ubaridi upo, lakini utadumu? Usije ukabadilisha nia njiani na mjukuu wake tumboni. Yeye mwenyewe atakaa ndani aupime.

Akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango.

Kilichotokea humo ndani kinaeleweka kwa yeyote aliyesimama peku kwenye saruji ya Mei. Alamelu alinyoosha miguu mbele ya tundu la chini. Akafumba macho. Huku nje walipakia mabegi, mtungi wa achari, ndizi, mkeka. Yazhini akapanda nyuma na kuagana na mumewe, ambaye alisema atakuja Ijumaa na aliyasema hayo akiwa anatazama viatu vyake. Saa ikasogea. Poongothai akagonga kioo, akamuuliza mkwe kama ameridhika. Mkwe akajibu bila kufumbua macho kwamba anaendelea kupima.

Akaendelea kupima. Ilango akaita. Shangazi akaita. Alamelu akasema kipimo cha haraka ni cha wavivu. Na hapo Poongothai, kwa kukitazama kile kidevu kilivyoinuliwa, akaelewa kwamba mkwe amegundua njia yake ya mwisho: atapima mpaka saa ya Rahu, kwa starehe, na hakuna mtu atakayeweza kumtoa kwa nguvu garini.

Poongothai akaingia upande wa usukani. Akafunga mlango wake taratibu. Limau la kukanyagwa ili kuondoa mkosi wa safari lilikuwa tayari chini ya tairi la mbele. Akaweka gia, limau likapasuka, gari likatoka getini.

Lilikuwa limeshapita duka la mafuta ya taa Alamelu alipofumbua macho.

"Tunakwenda wapi?"

"Bodi, mkwe."

"Nirudishe."

"Nirudi?" Poongothai aliuliza, na kweli akapunguza mwendo, kwa adabu. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba safari iliyokwisha anza haigeuzwi. Leo asubuhi dada yangu alipotangulia kurudi Bodi alikumbuka simu aliyoisahau kwako akiwa hajafika hata kona, ukamwambia aiache, asirudi, ataleta mkosi. Na sasa Rahu anakaribia. Lakini wewe mkubwa. Ukisema nigeuze na mjukuu wako humu, nageuza."

Alamelu alifungua mdomo. Alitazama nyuma, akaona bangili, akaona tumbo, akaona uso wa Yazhini ambao ulikuwa unatazama dirishani kwa bidii nyingi mno. Akafunga mdomo. Gari likaongeza mwendo.

Walipita mashamba ya pamba. Karibu na Tirumangalam, Alamelu alisema, kama anaiambia barabara, kwamba hana hata nguo ya kubadilisha. Poongothai akamwambia sari zipo. Baadaye tena akasema kwamba nyumba ile, huyu mtoto akiwa hayupo, inakuwa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani ikijiandaa kugonga. Hakusema kwa upole wake wa kawaida. Alisema tu. Poongothai alinyoosha mkono na kugeuza tundu la hewa limwelekee mkwe wake zaidi, na Yazhini kutoka nyuma akamwekea mama mkwe mkono begani, bangili zote zikalia sikioni mwake.

"Utakaa nasi mpaka Ijumaa, Mama," Yazhini alisema. "Ilango atakuja kukuchukua. Ila nikuambie mapema, kwetu jikoni kunanuka."

"Kunanuka nini?"

"Utajua."

Milima ilianza kuonekana mbele, bluu, na jua likaingia nyuma yake. Alamelu alikiangalia kitaa cha kijani njia nzima. Kila gari liliporuka tuta alikitazama kwanza kile, kisha tumbo la mkwewe, kisha kile tena. Penye njia panda ya Theni akaomba kama inawezekana ubaridi uongezwe kidogo, na akaruhusiwa kubonyeza mwenyewe.

Walifika Bodi taa zikiwashwa. Dada wa Poongothai alikuwa anasubiri mlangoni na sinia la kumpokea binti, taa ya mafuta, unga mwekundu, na bakuli la liwa. Kutoka jikoni ngonda lilikuwa limeshatia mguu kwenye mafuta, na harufu yake ilitoka ikawapokea kabla ya sinia. Yazhini alivuta pumzi kama mtu aliyefika nchi kavu. Dada mtu akazungusha taa mbele ya uso wake, akampaka paji, akamsifu, akageukia gari lililomleta salama. Akachovya vidole vitatu kwenye bakuli na kuegemea dirishani.

Alamelu alikuwa bado hajashuka. Alijirusha mbele kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu ujana, akafunika vitufe vyote kwa pindo la sari yake na mikono miwili juu.

"Mpake mtoto," alisema. "Mpake tairi. Nipake mimi. Hapa usiguse."